SOMO LA VIKUNDI: KUUNDA NA KUKUZA UMOJA WA AKINA MAMA, KISIMANI NA KWENYE SIMU



Siku hizi ukizunguka Kwale, kutoka Ng'ombeni hadi Lunga Lunga, ni shida kupata kijiji kisicho na kikundi cha akina mama. Kuna wanaochuma mwani, wanaoshona makuti, wanaofuga kuku, na wanaochezeana mchezo wa pesa kila wiki. Tena karibu kila kikundi sasa kina kundi lake kwenye simu, la kupashana habari na kukumbushana michango. Jambo hili ni jema. Lakini tunapotembelea vikundi tunaona mambo mawili yakienda pamoja. Kundi la simu linakua upesi, na kikundi chenyewe kinadhoofika polepole. Kwa hiyo somo letu safari hii linauliza: umoja wa akina mama huundwa vipi, na ukishaundwa, hukuzwa vipi bila kuvunjika?

LENGO LA SOMO. Mwisho wa somo wanachama waweze (1) kueleza ni nini kinachoshika kikundi pamoja, (2) kutunga sheria za kundi lao la simu, na (3) kuamua jambo moja la kufanya kabla ya mkutano ujao.

MUDA. Saa moja na nusu. Msome kwa sauti, maana si wote wanaosoma. Kaeni duara. Mwenye mtoto mdogo akae karibu na kivuli.

1. IGIZO

Wachagueni watatu waigize. Wasikariri maneno, waseme kwa lugha yao, hata kwa Kidigo au Kiduruma.

(Chini ya mwembe. Ni siku ya mkutano, lakini wamefika watu wachache.)

BI MWANATUMU: Riziki mwanangu, mbona leo mko wawili tu? Wenzenu wako wapi?

RIZIKI: Shikamoo, bibi. Mkutano uliahirishwa. Tulikubaliana kwenye kundi la simu.

BI MWANATUMU: Marahaba. Kundi gani hilo? Simu yangu mimi ni hii mulika mwizi. Haina kundi, ina tochi.

RIZIKI: Na mchango pia umepanda, bibi. Sasa ni mia mbili.

BI MWANATUMU: Umepandishwa na nani? Mimi mia yangu nimeifunga kwenye leso tangu asubuhi. Kikundi hiki tulikianza watu kumi, sikumbuki kumtoa mtu bila kumwambia.

MAMA SAUMU: Bora wewe, Bi Mwanatumu, huyaoni ya kundi hilo. Juzi usiku mwenzetu mmoja aliandika mambo ya nyumbani kwake, kwamba anapigwa. Alitaka tumsaidie. Kabla ya alfajiri mumewe alikuwa ameshayasoma. Sasa amenyang'anywa simu na kikundini hafiki.

BI MWANATUMU: Nani aliyempelekea huyo mume?

(Kimya.)

RIZIKI: Sisi wanachama ni kumi na wanane, bibi. Lakini mle kwenye simu tuko arubaini na sita. Wengine hata mimi siwajui.

2. MASWALI YA KUJADILI

a) Mmeona nini katika igizo hili? Semeni mliyoyaona tu, msitoe lawama kwanza.
b) Mambo kama haya yanatokea kwetu? Yapi?
c) Bi Mwanatumu amepoteza nini? Mama aliyeandika usiku amepoteza nini? Riziki naye, yeye ana shida gani?
d) Kwa nini watu arubaini na sita walikuwa dhaifu kuliko watu kumi?

Kiongozi asiharakishe swali la mwisho. Hapo ndipo penye somo.

3. TUJIFUNZE KWETU: VISIMA VYA DIANI NA MSAMBWENI

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1983. Mwaka huo ulianza mradi wa kujaribu pampu za mkono huku kusini mwa Pwani, upande wa Diani na Msambweni. Ulikuwa mradi wa Serikali pamoja na Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia. Mwanzoni kazi ilikuwa ya mafundi: kuchimba, kufunga pampu na kupima ipi inadumu. Watu wa kijiji hawakuwa na sehemu kubwa. Na wengi walikuwa na mashaka, maana walishaona pampu za zamani zikiharibika na kukaa miezi bila mtu wa kuzitengeneza. Pampu ikifa, mama anarudi kwenye kisima cha wazi, na mtoto anarudi kuhara.

Kisha likaingia shirika la Kenya la maji na afya, KWAHO. Watu wake hawakuja na vyuma, walikuja kukaa na wanakijiji. Walikwenda nyumba kwa nyumba, wakazungumza na wazee, wakaketi na akina mama. Kila kisima kikapata kamati yake, akina mama wakiwamo. Mara nyingi mweka hazina akawa ni mama. Akina mama wakafundishwa kufungua pampu, kubadilisha sehemu zilizokwisha na kuirudisha. Pampu yenyewe nayo ilirekebishwa ili kazi hiyo iwezekane. Afridev, ile inayojulikana Afrika nzima, ni moja ya pampu zilizojaribiwa na kutengenezwa vizuri hapa kwetu Kwale. Iliundwa ili ifunguliwe kwa spana moja tu na watu wa kijiji wenyewe, bila kungoja gari la fundi kutoka mjini.

Hebu tutulie hapa tuulize: ni nini kilichobadilika? Maji chini ya ardhi yalikuwa yale yale, na akina mama walikuwa wale wale. Mambo manne ndiyo yaliyobadilika:

Kwanza, kila kamati ilikuwa na kitu kimoja cha kushika. Haikuwa "maendeleo ya wanawake" kwa jumla. Ilikuwa pampu hii, ya watu hawa.

Pili, kila mtu alijua nani anahusika. Waliochota hapo walijuana kwa sura na kwa ukoo.

Tatu, kulikuwa na kazi ya mikono, na waliopewa kazi hiyo walifundishwa. Mama aliyewahi kufungua pampu mbele ya watu na maji yakatoka, huyo hapuuzwi tena kwenye baraza.

Nne, pesa zilionekana. Mchango ulipokelewa mbele ya wenzake, na mweka hazina alitoa hesabu.

Na upanuzi ulikujaje? Mradi ulianza vijiji vichache, na baadaye ukaenea sehemu nyingine za wilaya. Haikuundwa kamati moja kubwa ya kila mtu. Ziliongezwa kamati ndogo nyingi, kila moja na kisima chake. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

4. MFANO WA PILI: GAZI NA KIBUYUNI

Pale Gazi akina mama walijenga daraja la mbao ndani ya mikoko, wageni wakawa wanalipa kiingilio ili watembee juu yake na kuona msitu wa bahari. Kazi ya daraja, ya chakula na ya kuongoza wageni ikawa ya kikundi chao. Baadaye, mwaka 2013, vijiji vya Gazi na Makongeni vilianza kuuza hewa ya ukaa kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 za mikoko. Fedha zinatumika kwa mambo ya jamii kama maji na shule, na wanakijiji hukutana kuamua zitumike vipi. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Tuzo ilikuja baada ya miaka ya kupanda mikoko kwenye matope, ambako hakuna mpiga picha.

Kibuyuni, karibu na Shimoni, akina mama wanalima mwani. Mwani hauamuliwi na saa ya ukutani. Wakati wa bamvua maji yanapokupwa mbali, kila mtu yuko baharini na kamba zake. Wakati wa maji mafu watu wako nyumbani. Kikundi cha wakulima wa mwani kikiweka mkutano siku ya bamvua kitapata viti vitupu, halafu kitasema akina mama ni wavivu. La hasha! Ratiba ndiyo haikuangalia bahari. Funzo: kikundi kinachokua ni kile kinachopanga mambo yake kufuata maisha ya wanachama. Kama wanachama wenu wanafanya kazi za hoteli Diani, angalieni zamu zao na msimu wa wageni. Kama ni wakulima, angalieni mvua za mwaka.

5. MAMBO MATANO YA KUSHIKA KIKUNDI

(i) Sababu moja iliyo wazi. Muulize kila mwanachama peke yake: "Kikundi chetu ni cha nini?" Mkipata majibu sita tofauti, hapo hamna kikundi, mna mkusanyiko. Sababu ikiwa moja, mengine yataongezeka taratibu.

(ii) Mlango unaojulikana. Nani anaingia, kwa njia gani, na akitaka kutoka anatokaje? Akina mama wengi huona aibu kumkatalia jirani. Lakini kumwingiza mtu bila utaratibu si ukarimu. Ni kumweka mwenzako hatarini, kama tulivyoona kwenye igizo.

(iii) Kazi kwa kila mmoja. Mwanachama asiye na kazi huanza kwa kukaa nyuma, halafu huchelewa, halafu hupotea. Gaweni kazi ndogo ndogo: mwenye kukumbusha wazee, mwenye kutembelea wagonjwa, mwenye kupokea wageni, mwenye kutunza daftari la mahudhurio. Zibadilisheni kila mwaka.

(iv) Pesa mbele ya macho. Tuchukue mfano wa mbali kidogo. Nchini Niger, mwaka 1991, shirika la CARE lilianza kufundisha akina mama wa vijijini kuweka akiba pamoja. Sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti. Sanduku hufunguliwa mkutanoni tu, wote wakihesabu. Mpango huo umeenea Afrika nzima, hata kwetu. Jambo la kuiga hapa si chuma cha sanduku. Ni kwamba mtu mmoja pekee yake hawezi kulifungua.

Hapa tuseme neno juu ya riba, kwa sababu Kwale wengi wetu ni Waislamu na tunakaa pamoja. Tumeona akina mama wazuri wakikaa nje ya kikundi kwa sababu mikopo ya kikundi ina riba, na wanaona haya kusema. Msiwalazimishe, wala msiwacheke. Upo mzunguko usio na nyongeza yoyote: kila mtu anatoa sawa, anapokea sawa kwa zamu yake. Zipo pia njia za kununua kitu pamoja, kukiuza na kugawana faida na hasara. Waulizeni masheikh wenu, kisha muandike mlichokubaliana. Kikundi cha akina mama wa dini zote kinawezekana kama sheria zake hazimtoi mtu kwenye imani yake.

(v) Kukua kwa kuzaa, si kwa kunenepa. Hapa tunarudi kwa kamati za visima. Wanachama wakizidi mno kiasi kwamba mkutano hauwezi kusikiliza kila mmoja, ni wakati wa kuzaa kikundi cha pili. Watoeni wawili au watatu wenye uzoefu wakawasaidie wapya. Huko India, kule Ahmedabad, umoja wa akina mama wanaojiajiri uitwao SEWA ulianza mwaka 1972. Leo una wanachama zaidi ya milioni mbili. Hawaketi mkutano mmoja! Wamepangwa kwa kazi zao na kwa maeneo yao, wauza mboga na wauza mboga, wakulima na wakulima, halafu vikundi hivyo vinaungana.

6. SASA TUJE KWENYE SIMU

Simu si adui. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mama wa Kinango anaweza kutuma mchango wake bila kupanda matatu. Kundi la simu linamleta karibu binti aliyeolewa Mombasa na yule anayefanya kazi Uarabuni. Linamwezesha muuza samaki wa Msambweni kujua bei ya Ukunda kabla hajatoka. Lakini simu ni kama pampu: isipokuwa na kamati, itaharibika, na itakaa hivyo.

Tunapendekeza sheria saba. Zijadilini, ongezeni zenu, punguzeni zisizowafaa:

1. Kundi la simu ni la wanachama walioandikwa kwenye daftari tu. Mara moja kila mwezi katibu alinganishe majina ya kwenye simu na ya kwenye daftari. Namba isiyojulikana iulizwe, isipojibu itolewe.

2. Wasimamizi wa kundi wawe wawili au watatu. Akiwa mmoja, simu yake ikiibiwa au akikasirika, kundi lote limekwenda naye.

3. Simu ni ya kupasha habari, mkutano ni wa kuamua. Mchango, mkopo, kumfukuza mtu na kubadilisha viongozi viamuliwe ana kwa ana.

4. Kila asiye na simu ya intaneti awe na mwenzake wa kumpelekea habari siku hiyo hiyo. Huyu mwenzake aandikwe jina. Neno "ataambiwa" bila jina la mwenye kumwambia, maana yake ni kwamba hataambiwa.

5. Tumieni ujumbe wa sauti kwa wasiosoma. Uwe mfupi, maana bando linalipiwa.

6. Hakuna kutuma pesa kwa namba mpya iliyoletwa kwenye kundi, hata kama jina na picha ni za mwenyekiti. Mpigieni kwanza mumsikie sauti. Namba ya siri ya M-Pesa haitajwi kwa mtu yeyote, awe wa benki, wa kampuni ya simu au wa kikundi.

7. Siri za nyumbani haziandikwi kwenye kundi.

Sheria ya saba inahitaji maelezo. Hatusemi akina mama wanyamaze wanapoumizwa. Tunasema kundi la watu wengi si mahali pa kulifungulia jambo hilo, kwa sababu maandishi yana miguu. Chagueni mapema mama wawili wanaoaminika, wenye kifua, ambao mwenye shida atawaendea mwenyewe. Wao wajue mambo haya: namba 1195 hupigwa bure mahali popote Kenya kwa habari za ukatili wa kijinsia, aliyeumizwa anastahili kupelekwa hospitali kwanza, na polisi na chifu wapo. Mama akishaandika kwenye kundi kabla hamjaweka utaratibu, msimjibu pale pale kwa maneno mengi. Mwambieni afute ujumbe upesi, kisha mtu mmoja amfuate kwa miguu.

Mjue pia kwamba kusambaza picha za aibu za mtu ni kosa kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2018 ya makosa ya kompyuta. Anayesema "mimi nilitumiwa tu nikatuma" naye ametuma.

7. KIKUNDI KISAJILIWE

Kundi la simu halina cheti. Kikundi kinacho. Ipo Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022. Kwa kawaida kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi, kiwe na katiba yake, kiwe na viongozi waliochaguliwa, kisha kiende kwa afisa wa maendeleo ya jamii. Bila cheti ni vigumu kufungua akaunti ya benki kwa jina la kikundi, au kuomba mikopo kama ile ya Hazina ya Wanawake iliyoanzishwa mwaka 2007. Katiba isinakiliwe kwa jirani. Tungeni yenu, na mle ndani muweke hizo sheria za simu.

8. ZOEZI NA KAZI YA NYUMBANI

Mgawanyike wanne wanne. Kila kundi dogo lijibu kwa dakika ishirini:

a) Kati ya yale mambo matano, lipi ndilo dhaifu kwetu?
b) Nani katika kikundi chetu ni kama Bi Mwanatumu? Tajeni jina lake kwa heshima. Nani atampelekea habari kuanzia leo?
c) Mama wawili wa kuaminiwa na siri ni akina nani? Hili msilipige kura hadharani. Kila mtu amnong'oneze mwenyekiti jina.

Mkirudi pamoja, amueni jambo MOJA, mtu wa kulifanya, na siku ya kulimaliza. Katibu aandike yote matatu. Mkutano ujao uanze kwa kuuliza: limefanyika?

Na kabla hamjatawanyika, kama kuna mwenzenu aliyeacha kuja na hakuna anayejua sababu, chagueni wawili waende kwake leo jioni. Wasimtumie ujumbe, wabishe hodi. Kidole kimoja hakivunji chawa.